Tawdry: utepe wa mtakatifu ulioishia kuwa neno la dharau

Katika Kiingereza cha leo kivumishi tawdry husemwa juu ya kitu chenye mapambo mengi na thamani kidogo: pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, mapazia yenye nyuzi za kumetameta zinazofumuka baada ya kufuliwa mara mbili, ukumbi uliojazwa maua ya plastiki. Kimepanuka pia hadi kwenye mwenendo wa watu, na magazeti ya Uingereza hukipenda yanapoandika kashfa za wanasiasa, hasa zile zinazochanganya fedha na mapenzi ya pembeni. Kwa Kiswahili cha mitaani tungesema ni mbwembwe za bei chee. Wahenga walikwisha kulisema kwa adabu zaidi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Si neno la kila siku. Mtu anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza miaka mingi asilitamke hata mara moja. Hata hivyo asili yake inajulikana kwa undani ambao maneno mengi ya kawaida hayana, kutoka jina la binti mfalme wa karne ya 7, kupitia gulio la mji mdogo kwenye vinamasi, hadi kamusi ya mwaka 1755. Kwa anayetaka kujifunza jinsi asili ya neno inavyofuatiliwa, ni vigumu kupata mfano bora kuliko huu, kwa sababu karibu kila kiungo cha mnyororo kinaonekana. Na palipo na hadithi tamu hapakosi wasimulizi wanaoifupisha. Toleo linalozunguka mitandaoni ni hili: Mtakatifu Audrey alipenda kujipamba, akapata uvimbe shingoni, akafa, watu wakawa wanauza lesi mbovu kwenye sikukuu yake, kwa hiyo kitu kibovu kikaitwa tawdry. Kila kipande cha hadithi hiyo kina ukweli wake. Tatizo liko kwenye "kwa hiyo".

Binti wa mfalme Anna

Anna hapa ni mwanamume, mfalme wa Anglia Mashariki, kwa hiyo jina lisikupoteze. Binti yake, ambaye ndiye Mtakatifu Audrey wa hadithi yetu, aliitwa Æthelthryth, jina la Kiingereza cha Kale lililoungwa na vipande viwili: æthel, yaani uungwana, na thryth, yaani nguvu. Walioandika kwa Kilatini walimwita Etheldreda. Aliolewa kwanza na Tondberht, mkuu wa watu walioitwa Gyrwe wa Kusini, akafiwa naye. Kisha akaolewa na Ecgfrith, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Northumbria. Masimulizi ya Kanisa yanashikilia kwamba katika ndoa zote mbili alibaki bikira. Hatimaye aliachiwa aende utawani Coldingham, akavishwa shela na askofu Wilfrid, na mwaka 673 akaanzisha monasteri yake mwenyewe huko Ely.

Ely wakati huo ilikuwa kisiwa kilichozungukwa na maji na matete. Jina lake linatokana na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, waliojaa kwenye vinamasi vile.

Tunayoyajua juu yake tunayapata hasa kwa mtawa Bede, aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, yaani nusu karne na kidogo baada ya kifo cha Æthelthryth. Bede si mwandishi wa kupita juu juu. Anatuambia kwamba mama huyo alivaa sufu tu na kukataa kitani. Anatuambia kwamba alioga maji ya moto kabla ya sikukuu kubwa tu, yaani Pasaka, Pentekoste na Epifania, tena akioga wa mwisho baada ya kusaidia kuwaosha watawa wenzake. Mwaka 679 alipata uvimbe mkubwa chini ya taya. Tabibu aliyeitwa Cynefrith akautumbua ili usaha utoke. Kwa siku mbili mgonjwa alipata nafuu. Siku ya tatu maumivu yakarudi, akafariki.

Katika simulizi hiyo kuna maneno ambayo ndiyo chanzo cha kila kitu kilichofuata. Bede anasema mgonjwa aliupokea uvimbe ule kwa furaha, akieleza kwamba alipokuwa msichana alibebesha shingo yake mizigo isiyo na maana ya vidani, na sasa, mahali palipokuwa na dhahabu na lulu, pametokeza wekundu na moto wa jipu.

Miaka 16 baada ya maziko, dada yake Seaxburh, aliyemrithi kama mama mkuu, aliamuru mwili ufukuliwe na kuhamishiwa kanisani. Sanduku lililopatikana kwa kazi hiyo lilikuwa la marumaru nyeupe, limeokotwa kwenye magofu karibu na mahali palipo Cambridge leo. Mwili, anasema Bede, ulikutwa haujaoza, na pale Cynefrith alipotumbua palibaki kovu jembamba. Kalenda ya Kanisa ikapata siku mbili za kumkumbuka: 23 Juni, siku ya kifo, na 17 Oktoba, siku ya kuhamishwa.

Mpaka hapa tumepata shingo na tarehe. Hatujapata utepe. Bede hataji hariri wala kamba ya aina yoyote. Anataja dhahabu na lulu. Anayekuambia kwamba Audrey alivaa lesi shingoni amechukua bidhaa ya karne ya 16 na kumvisha mwanamke wa karne ya 7.

Æthelthryth linakuwaje Audrey

Kwa jicho la haraka majina haya mawili hayana undugu. Yatazame kipande kwa kipande.

Katika majina yaliyoanza na Æthel-, sauti ya th iliyokaa katikati ya irabu mbili ilidhoofika baada ya Wanormani, waliosema Kifaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mpaka ikatoweka kabisa. Ndivyo Æthelmær alivyogeuka Aylmer. Kwa njia hiyohiyo Etheldreda anabaki na umbo linalokaribia Aldreda.

Kisha inakuja l. Katika Kifaransa cha zama za kati, l iliyotangulia konsonanti iligeuka kuwa u: neno la Kilatini alter likawa autre. Kiingereza kiliazima maneno mengi katika hali hiyo, na ndiyo maana kozi, yule ndege wa kuwindia anayeandikwa falcon leo, zamani aliandikwa faucon. Herufi l ilirudishwa baadaye na wasomi waliokumbuka Kilatini. Kwa jina letu, Al- inakuwa Au-.

Mwisho, d iliyokaa kati ya irabu nayo huanguka kwa desturi ya Kifaransa: vita, yaani uhai kwa Kilatini, ikawa vie. Hivyo -dreda ikafupika kuwa -dree. Ushahidi si wa kukisia. Mwandishi aliyejitaja kwa jina la Marie alitunga maisha ya mtakatifu huyu kwa Kifaransa cha Uingereza, na kwake jina ni Audree. Kutoka hapo hadi Audrey hakuna safari.

Mabadiliko hayo yote matatu yana ndugu kwingine katika lugha. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha asili yoyote ya neno: sauti ibadilike kwa kanuni ambayo imebadilisha maneno mengine pia, wakati uleule na mahali palepale. Asili inayohitaji kanuni iliyotungwa kwa ajili ya neno moja tu iwekwe pembeni mpaka ipate shahidi.

Herufi t iliyohama nyumba

Sasa weka neno saint mbele ya Audrey, ulitamke haraka mara kumi mfululizo. Neno la kwanza halibebi mkazo, linafifia. Neno la pili linaanza kwa irabu, na konsonanti iliyo karibu huivamia. Sikio linasikia kitu kama "sn-Taudrey". Mtoto anayejifunza kuongea kwa kusikia hana njia ya kujua mpaka uko wapi, na akiuweka kabla ya t, jina limepata herufi mpya.

Wasemaji wa Kiswahili hawana haja ya kushawishiwa sana kwamba jambo hili hutokea. Kiarabu kilituletea muallim, na sisi tukasikia ndani yake kiambishi cha watu, tukasema mwalimu na walimu. Kikatuletea kitab, tukaisikia ki- ya ngeli, tukapata vitabu, wakati katika Kiarabu ile k ni sehemu ya mzizi wenyewe. Hata kibao cha barabarani cha Kiingereza kilichowaambia madereva wakae kushoto kimetupatia kipilefti na vipilefti. Kiingereza hakina ngeli za kuingilia, lakini mpaka kati ya neno na neno humchezea vilevile: nyoka adder alikuwa nadder, na n ikahamia kwenye kibainishi kilichotangulia (a nadder ikawa an adder), aproni ilikuwa napron, nickname lilikuwa ekename, likanyakua n ya jirani.

Kwa watakatifu, mifano ipo ya kutosha kuifanya kanuni. Mtaa wa Tooley Street, London, umepata jina kwa Saint Olave, yaani Olaf, mfalme wa Norwei aliyeuawa mwaka 1030. Kijiji cha Saint Osyth huko Essex wenyeji wamekiita Toosey. Mtakatifu Antoni, anayechorwa akiwa na nguruwe, ameacha neno tantony kwa nguruwe mdogo kuliko wote kwenye uzao mmoja, yule anayemfuata mtu kila aendako. Olave, Osyth, Antony, Audrey: wote wanaanza na irabu. Mtakatifu Mary au Peter hawezi kuacha t ya namna hii, na hakuacha.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliliona jambo hili, ila akaweka hatua ya katikati aliyoiandika Stawdrey, kana kwamba s ilikuwepo kisha ikaanguka. Hatua hiyo haihitajiki. Tooley na tantony zinaonyesha kwamba mwanzo wa saint huondoka wote, na t peke yake ndiyo inayobaki.

Lace haikuwa lesi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, tena si Waswahili tu. Tukisikia lace tunaona lesi: kitambaa cha matundumatundu cha gauni la harusi au shela. Lakini neno lenyewe linatoka Kilatini laqueus, kitanzi, kupitia Kifaransa cha kale laz, na kwa karne nyingi lilimaanisha kamba au utepe wa kufungia. Maana hiyo ingali hai kwenye kamba za viatu, ambazo Kiingereza huziita kwa neno hilohilo. Lasso ya wachunga ng'ombe wa Marekani ni binamu yake aliyepitia Uhispania. Maana ya kitambaa cha matundu ilichipuka katika karne ya 16, na ilichukua muda kuizidi ile ya kamba.

Kwa hiyo Saint Audrey's lace ilikuwa utepe au kamba nyembamba ya kujifunga. John Palsgrave, aliyetunga kitabu cha kuwafundisha Waingereza Kifaransa, aliiorodhesha mwaka 1530 kwa jina kamili la mtakatifu, na tafsiri yake ya Kifaransa ni cordon, kamba. Tafsiri ya neno moja tu, lakini ina thamani kuliko kurasa nyingi za simulizi, kwa sababu Palsgrave hakuwa na hadithi ya kutetea. Alitaka tu mwanafunzi wake aweze kununua kitu dukani.

Ilitengenezwa kwa nini, na ilifungwa wapi? Nicholas Harpsfield, kasisi Mkatoliki aliyefariki mwaka 1575, aliandika kwa Kilatini kwamba wanawake wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuvaa shingoni mkufu wa hariri nyembamba na laini ulioitwa mkufu wa Etheldreda. Akaongeza kwamba pengine ni kwa kumbukumbu ya lile tuliloliona kwa Bede. Zingatia "pengine". Harpsfield, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutaka desturi hiyo iwe ya ibada, alikuwa mwangalifu kuliko wengi wanaomnukuu leo.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1671, ilichapishwa kamusi ya asili za maneno ya Stephen Skinner, na yeye anatoa maelezo mengine: ni tepe zilizonunuliwa kwenye gulio la sikukuu ya Mtakatifu Etheldreda. Hakuna jipu, hakuna toba, ni biashara tu.

Watu hupenda kuuliza nani kati ya hao wawili yuko sahihi. Kwa maoni yangu swali limekaa upande. Kila mji wenye kaburi la mtakatifu uliuza kumbukumbu zake kwa mahujaji, na ni kawaida kumbukumbu hiyo ihusiane na hadithi ya mtakatifu mwenyewe. Etheldreda aliombwa na wenye maradhi ya koo na shingo. Kitu cha kufunga shingoni kilikuwa bidhaa iliyojiuza. Harpsfield anaeleza kwa nini ulikuwa utepe, Skinner anaeleza ulinunuliwa wapi. Wanakamilishana bila kugongana.

Dharau ilitoka wapi

Tukifika hapa hadithi ya mitandaoni inaruka kutoka kwenye gulio hadi kwenye tusi. Tuupange ushahidi kwa miaka tuone kama mruko huo unawezekana.

Mwaka 1530, kwa Palsgrave, jina la mtakatifu limeandikwa kamili. Katika miaka ya 1540 umbo tawdry lace linaonekana kwenye maandishi. Mwaka 1579 Edmund Spenser, katika shairi la wachungaji la mwezi wa Aprili, anawaambia wasichana wanaokwenda kumsifu Eliza, ambaye ndiye Malkia Elizabeth kwa jina la kishairi, wajifunge kiunoni kwa tawdry lace ili wapendeze zaidi. Mambo mawili hapo. Kwanza, utepe umeshuka kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa hiyo kumbukumbu ya jipu haikuwa inamshughulisha mtu. Pili, hakuna hata chembe ya kejeli. Hakuna mshairi anayetafuta hisani ya malkia ambaye angewavisha wasichana wake takataka mbele yake.

Kisha Shakespeare. Katika The Winter's Tale, mchezo uliokwisha kuonyeshwa jukwaani mwaka 1611, msichana wa shamba Mopsa anamkumbusha mpenzi wake kwamba alimwahidi tawdry lace na glavu zenye manukato. Mazingira ni sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, na muuzaji ni Autolycus, machinga mwenye maneno matamu na mkono mwepesi kwenye mifuko ya watu. Hapa hewa imebadilika kidogo. Utepe bado ni zawadi inayotamaniwa, lakini anayeutamani ni msichana wa kijijini, na anayeuza vitu vya namna hiyo ni tapeli. Watazamaji wa London wangeweza kutabasamu. Neno lenyewe, hata hivyo, bado ni jina la bidhaa.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote kisarufi: lace inaachwa. Mwanzoni mwa karne ya 17 watu wanaanza kusema tawdry peke yake, kama nomino, kwa maana ya utepe wa shingoni. Michael Drayton analitumia hivyo, tena kwa wingi, katika shairi lake refu la kuisifu nchi ya Uingereza lililotoka mwaka 1612. Na katika miaka ya 1670 kinatokea kivumishi, kikiwa na maana iliyo karibu sana na ya leo.

Kwa hiyo dharau iliingia katika dirisha la miaka sitini hivi. Kabla ya hapo, kwa miaka themanini hivi ya ushahidi tuliouona, kitu kilekile kilikuwa pambo zuri. Dhambi ya Etheldreda ya kupenda vidani haiwezi kuwa ndiyo iliyoleta maana mbaya, kwa sababu dhambi hiyo ilijulikana tangu 731, na utepe uliendelea kupendwa. Hadithi ya jipu inaeleza utepe, haielezi tusi.

Maelezo mengine yanayopendwa ni kwamba Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliochukia mapambo na watakatifu kwa pamoja, ndio waliolichafua neno. Linavutia, na nyakati zinakaribiana. Lakini maana ya tawdry haina harufu ya mahubiri. Kama Wapuritani ndio wangelibadilisha tungetegemea limaanishe kitu cha kiburi, cha ibada ya sanamu, cha anasa. Badala yake linamaanisha cha rahisi, kinachojifanya ghali. Hiyo ni lawama ya mtu anayejua bei ya vitambaa.

Mimi naona nguvu mbili zilifanya kazi pamoja. Ya kwanza ni ya soko: tepe za hariri zilipopendwa, ziliigwa kwa nyuzi hafifu na rangi kali, zikauzwa magulioni kwa wasio na uwezo wa hariri halisi, na jina likafuata bidhaa iliyokuwa nyingi zaidi. Ya pili ni ya sarufi, na huwa haitajwi. Katika tawdry lace, neno la kwanza limekaa mahali ambapo Kiingereza huweka kivumishi, mbele ya nomino. Tena linaishia kwa -y, mwisho uleule wa vivumishi vingi vya Kiingereza, na linakaribiana kwa sauti na gaudy, -enye rangi za kelele, ambalo tayari lilikuwepo. Msemaji ambaye hakujua lolote juu ya Ely alisikia "kamba ya aina fulani", akaiangalia kamba yenyewe, akahitimisha kwamba aina hiyo ni ya kung'aa na ya bei chee. Akishafika hapo, hakuna kinachomzuia kulihamishia neno kwenye gauni, chumba, au mtu.

Na kwa nini hakujua lolote juu ya Ely? Monasteri ilisalimishwa kwa mfalme Henry VIII mwaka 1539, na mwaka 1541 askofu Thomas Goodrich aliagiza makaburi ya watakatifu katika jimbo lake yavunjwe. Wengine huiona miaka hiyo ikigusana na kutokea kwa umbo la tawdry katika maandishi, wakasema neno lilipoteza mtakatifu pale kaburi lilipovunjwa. Ni hatari kusoma hivyo. T ya aina hii huishi mdomoni kwa vizazi kabla ya mwandishi yeyote kuthubutu kuiandika. Kinachoweza kusemwa kwa usalama ni kwamba baada ya 1541 hapakuwa tena na kaburi la kumkumbusha mnunuzi utepe ni wa nani.

Johnson, mwaka 1755, anafasili kwa mapigo mafupi yanayorudia jambo moja: unaong'aa kinyonge, fahari isiyo na gharama, urembo usio na madaha, maonyesho yasiyo na adabu ya uzuri. Anaongeza kwamba husemwa juu ya vitu na juu ya watu wanaovivaa. Anayetafsiri kwenda Kiswahili afaidike na orodha hiyo, kwa sababu inaonyesha kosa la kawaida: kulitafsiri tawdry kama "chafu" au "baya". Kitu kibaya kisichojaribu kupendeza si tawdry. Na kitu chenye mbwembwe lakini cha ghali kweli ni gaudy, si tawdry. Lazima kuwe na jaribio la fahari na kushindwa kwake. Kwa nguo na mapambo, "mbwembwe za bei chee" linafaa katika maandishi mepesi; katika tafsiri rasmi ningeandika "mapambo duni ya kujionyesha". Kwa kashfa ya mwanasiasa mapambo hayana nafasi tena, na "kashfa ya ovyo na ya aibu" hutosha.

Maria aliyelia

Kuna kivumishi kingine cha Kiingereza kilichotoka kwa mtakatifu mwanamke kwa njia inayofanana: maudlin, yaani mwenye kulialia kwa hisia za kupita kiasi, hasa baada ya kulewa. Ni Maria Magdalena, ambaye wachoraji walizoea kumwonyesha akibubujika machozi ya toba. Jina lilipitia Kifaransa, g ikaanguka, na matamshi hayo ya zamani yamehifadhiwa mahali pawili ambapo mgeni huaibika: vyuo vya Magdalen huko Oxford na Magdalene huko Cambridge, vyote hutamkwa kama maudlin. Tofauti na tawdry ni kwamba hapa hakuna bidhaa katikati. Maana ilitoka moja kwa moja kwenye picha. Wanaoziunganisha asili hizi mbili kama ushahidi kwamba Waprotestanti walidhihaki watakatifu wanasahau kwamba kila neno lilifuata njia yake.

Audrey, kwa upande wake, aliendelea kuwa jina la watu. Shakespeare amempa jina hilo msichana mchunga mbuzi katika As You Like It, na bila shaka lilinuka shamba kwa masikio ya wakati huo. Leo ni jina la heshima kabisa, na wengi wanaolibeba hawajui wana undugu na tusi.

Ukitaka kukagua mwenyewe

Maandishi ya zamani ya Kiingereza yametiwa mtandaoni kwa wingi, na kamusi ya Johnson inasomeka bure. Ila anayetafuta kwa tahajia ya leo pekee atakosa nusu ya ushahidi. Tafuta tawdry, tawdrie, tawdrey, taudry na taudrie, na usisahau wingi tawdries, maana nomino ndiyo daraja kati ya utepe na kivumishi. Tafuta pia Audries na Awdrey pamoja na lace. Vitabu vya kabla ya 1800 vilitumia s ndefu inayofanana na f, na programu za kusoma picha huikosea mara kwa mara. Kwa tawdry haina madhara, lakini kwa saint iliyoandikwa kwa herufi ndogo utapata vioja.

Tenganisha mwaka wa kutungwa na mwaka wa kuchapwa. The Winter's Tale ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, ingawa Simon Forman, mnajimu wa London, aliitazama kwenye ukumbi wa maonyesho wa Globe tarehe 15 Mei 1611. Historia ya Harpsfield ilichapishwa mwaka 1622, miaka 47 baada ya kufa kwake. Ukizipanga kwa miaka ya uchapaji, utepe wa kiunoni wa Spenser utaonekana umetangulia ule wa shingoni wa Harpsfield, na utajenga nadharia nzima juu ya kuchelewa kwa mpiga chapa.

Katika kila mfano uliopata, andika maana inayoonekana kwenye sentensi yenyewe kabla hujafungua kamusi. Wapambe wa hadithi ya jipu husoma dharau ndani ya Spenser kwa sababu wanaijua maana ya leo. Sentensi yake, ukiisoma peke yake, inasema tu kwamba utepe unapendezesha.

Na ukikutana na ukurasa unaosema neno la Kiingereza la karne ya 17 ni kifupisho cha herufi za mwanzo za maneno kadhaa, ufunge. Mtindo huo wa kuunda maneno ulienea karne ya 20.